Utoaji wa matajiri wa viwanda

Ni desturi ya baadhi ya wenye viwanda kurudisha sehemu ya mali yao kwa jamii. Mfano mashuhuri ni Andrew Carnegie, tajiri wa chuma wa Marekani, ambaye mwaka 1889 aliwahimiza matajiri wagawe mali wangali hai. Aligharimia maktaba zaidi ya 2,500. Lakini mwaka 1892 wafanyakazi kadhaa waliuawa katika mgogoro wa ujira kwenye kiwanda chake cha Homestead, na wakosoaji hawajamsamehe hadi leo.

Wazo la Carnegie la kugawa mali linaonekana tena katika Giving Pledge (2010), ahadi ya kutoa angalau nusu ya utajiri. Hakuna sheria inayombana anayeahidi. Mohammed Dewji, mfanyabiashara wa Tanzania, alitia saini ahadi hiyo mwaka 2016.

Wakazi wa Mwembesongo, kata ya Manispaa ya Morogoro, wana mfano jirani. Kampuni ya Dewji, MeTL, inamiliki kiwanda cha nguo cha 21st Century mjini humo. Kabla ya ubinafsishaji kilikuwa cha umma, kikiitwa Polytex. Ndiyo maana hapa mjadala kuhusu utoaji wa matajiri una uzito wa pekee: sehemu ya mali inayoahidiwa ilianzia kwenye mitambo ya wananchi. Taasisi ya Dewji, Mo Dewji Foundation, iliyoundwa mwaka 2014, hufadhili elimu, afya na maji.