Mnara wa Dhahabu wa Sevilla: Ushahidi wa Jina

Katika ukingo wa mto Guadalquivir, mjini Sevilla, Uhispania, ungali unasimama mnara wa ulinzi uitwao Torre del Oro, yaani Mnara wa Dhahabu. Ulijengwa mwaka 1220 hadi 1221 kwa amri ya Abu l-Ula, liwali wa dola ya Al-Muwahhidun, ili kuuhami mji na bandari yake. Sehemu ya chini ina pande 12. Ya pili iliongezwa katika karne ya 14, na ya tatu, iliyo ya mviringo, mwaka 1760.

Husimuliwa mara nyingi kwamba jina hilo limetokana na dhahabu iliyoletwa Sevilla kutoka Amerika. Masimulizi hayo yapendeza, lakini hayaafikiani na maandishi. Tarehe ya Uhispania, iliyoanza kuandikwa kwa amri ya mfalme Alfonso X (1252-1284), inautaja mnara kwa jina hilo hilo inapoeleza kutekwa kwa mji mwaka 1248. Columbus hakuvuka bahari ila mwaka 1492. Jina, basi, limeitangulia hazina. Aidha, ukarabati wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba mng'ao wake wa kale ulitokana na mchanganyiko wa chokaa na mabua yaliyoshindiliwa.

Neno la pili lastahili kuangaliwa. Mnara wa namna hii, usimamao nje ya ukuta wa mji, Wahispania huuita albarrana, kutokana na neno la Kiarabu barrani, "-a nje". Shina lake ndilo lililotupa sisi neno bara. Haifuati kwamba Kihispania na Kiswahili vimeazimana. Kila kimoja kilichota kisimani kwa kamba yake, na maana zikaachana njiani.

Baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 1755 palitolewa shauri la kuubomoa mnara ili kupanua njia. Wenyeji wakapinga, nao ukanusurika. Tangu mwaka 1944 umekuwa makumbusho ya mambo ya bahari.

Mawe yalipata watetezi. Majina nayo yanawahitaji. Katika pwani yetu pia kila mji una hadithi ya jina lake. Hadithi hizo tuzihifadhi, kwani ni mali ya fasihi. Lakini kabla ya kuzifanya etimolojia, sharti kwanza tuulize jina limeandikwa lini kwa mara ya kwanza, na kwa lugha gani.