Mgonjwa Anayeitwa Chebaskwony

Kuna mgonjwa anaitwa Collet Test Chebaskwony. Hajawahi kuugua, hata kuzaliwa hajawahi. Lakini mtu akifanyia majaribio programu ya OpenMRS, awe Boston, Kampala au India, Chebaskwony hufufuka kwenye kompyuta yake, hutumika sekunde chache, kisha hufutwa. Jina la Kikalenjin kabisa, wasee! Ukiona hivyo ujue programu ina kwao, na kwao ni hapa Eldy.

Watu wakitaja teknolojia ya Kenya, ni M-Pesa na Nairobi. Sisi tunaachiwa wakimbiaji na mursik. Haya, ngoja niwaambie.

Mwaka 2001, kwenye kituo cha afya cha Mosoriot, upande wa Nandi, watu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, Marekani, walianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye Microsoft Access. Mwaka huo huo AMPATH ikaanza kutibu watu wenye Ukimwi, na rekodi zao zikaingia mfumo wa aina hiyo hiyo. Access ni poa kwa duka. Wagonjwa wakifika maelfu na fomu zinabadilika kila wakati, utalia.

Kwa nini? Kwa kawaida kila swali la fomu lina safu yake kwenye jedwali: uzito hapa, CD4 pale. Daktari akileta swali jipya, lazima ubomoe jedwali, uguse fomu, uguse ripoti. Dawa mpya ikija, unaanza tena. Na wagonjwa hawangoji.

Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich, madaktari wanaoandika programu, walikuja Eldoret wakaona mfumo hautafika mbali. (Babake Burke, Joe Mamlin, ni mmoja wa waanzilishi wa AMPATH, kwa hivyo hakuja kama mtalii.) Badala ya kuweka viraka, walichora upya. Swali lenyewe likageuzwa kuwa data: kuna kamusi ya dhana, halafu jedwali moja kubwa linalosema ni mgonjwa gani, lini, dhana gani, jibu gani. Swali jipya ni mstari mmoja tu kwenye kamusi. Hakuna kubomoa.

Wazo halikuwa geni, kule Indiana walikuwa na kamusi kama hiyo tangu miaka ya 1970. Na lina bei yake. Ukitaka ripoti rahisi tu, unaunganisha jedwali na lenyewe mpaka kichwa kiume. Mimi bado ningelichagua, kwa sababu karani anayesubiri ripoti ataudhika, lakini fomu isiyo na mahali pa kuandikia dawa mpya inaweza kumuumiza mtu.

Februari 2006 OpenMRS ikaanza kazi rasmi hapa Eldoret, na mwaka huo huo Rwinkwavu, Rwanda. Kilichoisambaza ni moduli. Mtu analeta majedwali na kurasa zake bila kugusa kiini cha programu. Daniel Kayiwa wa Uganda aliandika moduli ya XForms hivyo hivyo. KenyaEMR, inayotumika kwenye hospitali nyingi za serikali, imejengwa juu ya OpenMRS. Wakati wa Ebola OpenMRS ilitumika hadi Sierra Leone.

Sasa majaribio. Moduli yako haijaribiwi kwenye data ya hospitali, kwani wewe ni mwendawazimu? Hifadhidata ndogo inaundwa ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, inajazwa wagonjwa wa bandia kutoka faili inayoitwa standardTestDataset.xml, kisha inatoweka. Humo ndimo anamoishi Chebaskwony, pamoja na Anet Test Oloo.

Lakini jaribio la kweli lilifanywa na makarani. Wauguzi na madaktari walijaza karatasi, na makarani wa hapa wakaketi kunakili fomu moja baada ya nyingine, siku nzima. Wao ndio walikuwa wa kwanza kuona swali lisilo na mahali pake kwenye skrini. Kodi huweka jina la kila aliyeibadilisha. Ya makarani hayamo. Kama mamako au anko wako alikuwa mmoja wao, muulize fomu gani ilimsumbua zaidi, halafu uniambie. Niko serious.