Rukwa, Ziwa Lisilo na Ukingo wa Kudumu

Mwaka 1929 Ziwa Rukwa lilikuwa na urefu wa kilomita 50 hivi. Kufikia mwaka 1939 lilikuwa limetanuka hadi karibu kilomita 130, na upana wake ulikuwa kilomita 40 hivi. Aliyejenga ukingoni mwanzoni mwa muongo huo, kiwanja chake mwishoni kilikuwa chini ya maji, mbali kabisa na nchi kavu. Siku hizi ziwa likijaa hufika urefu wa kilomita 180 hivi. Habari za vijiji vya wavuvi vya Mkoa wa Songwe zinaanzia hapo, na mtu anayetaka kwenda huko kutembea au kuweka mtaji hana budi kuanzia hapo pia.

Sababu yake ni umbile la nchi. Rukwa limo ndani ya Bonde la Ufa la magharibi, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, takribani mita 800 juu ya usawa wa bahari. Limekaa kama karai: mito inaingia, hakuna hata mmoja unaotoka. Momba na Lupa humwaga maji humo, pamoja na mto Songwe ule unaoelekea kaskazini, ambao mgeni asiuchanganye na Songwe mwingine unaokwenda Ziwa Nyasa kwenye mpaka wa Malawi. Maji yanayoingia yana njia moja tu ya kuondoka, nayo ni jua. Ndiyo maana yana magadi. Na kwa kuwa kina ni kifupi na kando ni tambarare, maji yakipanda kidogo tu hula nchi kubwa, na yakishuka huacha mbuga za majani.

Watu waliolifahamu bonde hili tangu kale walijipanga kwa kufuata tabia hiyo. Ushahidi mzuri uko Ivuna, katika Wilaya ya Momba ya leo. Wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walichimba hapo katika miaka ya 1960 wakakuta mabaki ya kazi ya chumvi ya kati ya karne ya 13 na ya 15. Chumvi ilikuwa mali iliyotafutwa na watu wa nyanda za juu, nayo haikuhitaji jengo la kudumu. Ilihitaji vyungu, kuni, watu wenye ujuzi na kiangazi. Msimu ukipita, mtu anarudi shambani. 

Wageni wa karne ya 19 waliliona ziwa kwa macho mengine. Mskoti Joseph Thomson alilifikia mwaka 1880, akirejea kutoka Ziwa Tanganyika, akaliita Leopold. Jina hilo halikudumu. Kilichodumu ni mstari uliochorwa Ulaya miaka kumi baadaye: mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa Julai 1890 uliweka mpaka kati ya Nyasa na Tanganyika, kandokando ya njia ya Stevenson iliyokusudiwa kuyaunganisha maziwa hayo mawili. Watu wa kabila la Wanyamwanga wakajikuta pande zote mbili za mpaka. Juu ya mstari huo ndipo ilipokua Tunduma. Barabara kuu ya kwenda Zambia ikapita hapo, kisha reli ya TAZARA iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970, na Oktoba 2019 kikafunguliwa rasmi kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde. Mkoa wa Songwe wenyewe ulizaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, na makao makuu yake ni Vwawa. Watu, malori na fedha vikapanda juu, kwenye barabara. Bonde likabaki nyuma ya mteremko.

Dunia ya nje ilipolikumbuka bonde, ilikuwa kwa hofu au kwa hamu ya kuchukua kitu. Hofu ilikuwa ya nzige wekundu. Mbuga za Rukwa ni miongoni mwa mazalio yao makubwa barani, na baa lililoanza mwaka 1930 lilisambaa hadi kusini mwa Afrika kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1949 likaundwa shirika la kimataifa la kudhibiti nzige wekundu, likaweka makao Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, upande wa Zambia.

Kuhusu kuchukua, mifano iko miwili. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna, gramu 700 hivi tu. Kimondo cha Mbozi, kilichoko juu uwandani, kina tani zinazokadiriwa kuwa 16, lakini kwa wanasayansi kile kidogo ndicho chenye uzito. Herufi ya pili katika jina la kundi zima la vimondo vya aina yake, CI, inatokana na Ivuna. Chombo cha Japani, Hayabusa2, kilipoleta mchanga wa sayari ndogo ya Ryugu mwaka 2020, mchanga huo ulilinganishwa na vimondo vya kundi hilo. Vipande vya Ivuna vinahifadhiwa katika makumbusho ya ng'ambo, London ikiwemo. Mfano wa pili ni gesi ya heliamu, ambayo watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One walitangaza mwaka 2016 kuwa imo bondeni kwa wingi. Mwaka 2024 kisima cha Itumbula, huko huko Momba, kilitoa gesi hiyo hadi juu ya ardhi.

Wavuvi wako katikati ya habari hizi zote, na hutajwa mara chache. Perege wa Rukwa ni wa ziwa hili, na kambale hustawi kwenye matope yake. Samaki hukaushwa kwa jua au kwa moshi kwa sababu barafu na umeme viko mbali, kisha wachuuzi huwapandisha kwenye masoko ya Mbeya na Tunduma. Kambi za wavuvi ni za miti na nyasi. Mgeni huona umaskini tu, ingawa kibanda kinachoweza kuhamishwa ni jibu la busara kwa ziwa linalohama. Maisha ya wengi hayategemei ziwa peke yake pia: kuna mpunga Kamsamba, ufuta kwenye ardhi kavu, na ng'ombe wa Wasukuma waliohamia bondeni kutafuta malisho.

Njia ya kufika bondeni inayojulikana ni ile inayotoka mji wa Mlowo kushuka Kamsamba. Ni safari ya kiangazi; masika hufunga sehemu nyingi. Na majini wamo mamba, kwa hiyo usiogelee.

Anayetaka kuwekeza atakutana na sheria mbili mapema. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaiweka ardhi mikononi mwa halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na ugawaji lazima upitie mkutano mkuu wa kijiji. Maneno ya dalali au saini ya kiongozi mmoja hayatoshi. Asiye raia hapewi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Katika maziwa mengine mita 60 zinapimika kwa siku moja. Rukwa, swali ni ukingo upi: wa mwaka huu, au ule wa mwaka wa mafuriko? Waulize wazee maji yaliwahi kufika wapi, halafu upime kuanzia hapo.

Kwa hiyo hoteli ya zege ufukweni ni fedha inayosubiri kuzama, au kubaki peke yake maji yakiwa yamekwenda zake. Penye faida ni mahali wavuvi wanapoumia kila siku: mtambo wa barafu ulioinuliwa mbali na maji, vichanja bora na majiko ya kukaushia, gari la uhakika la kupandisha samaki Mlowo na Tunduma, nyavu halali badala ya makokoro yanayokomba hata vifaranga. Anayekwenda na mpango wa namna hiyo, akaufikisha kwanza mbele ya mkutano wa kijiji, atapata wenyeji wa kufanya nao kazi. Anayekwenda kununua mandhari ya ziwa, abaki Tunduma.