Ngano ya Eldoret na Ushuru wa Forodha

Ngano ya Uasin Gishu ilistawi kwa rutuba ya ardhi na baridi ya nyanda za juu, lakini soko lake lilijengwa kwa ushuru wa forodha na nauli za reli. Makaburu walioongozwa na Jansen van Rensburg walihamia huko mwaka 1908. Miaka miwili baadaye posta ilifunguliwa katika shamba nambari 64, na mji wa Eldoret ukakua hapo. Reli ilipofika mwaka 1924, mazao yaliacha kutegemea magari ya ng'ombe yaliyokokotwa hadi stesheni ya Londiani.

Serikali ya kikoloni haikuwa huru kutoza ushuru itakavyo. Mkataba wa Berlin wa 1885 uliiweka Afrika Mashariki katika eneo la biashara huria, na makubaliano ya Brussels ya 1890 yakaruhusu ushuru usiozidi asilimia 10. Mkataba wa Saint-Germain wa 1919 uliondoa kikomo hicho, ila ulikataza kubagua bidhaa za nchi zilizotia saini. Japani ilikuwa mojawapo. Ndiyo maana katika miaka ya 1930 vitambaa vyake viliingia Mombasa kwa ushuru uleule wa vile vya Manchester.

Walowezi waliitumia nafasi iliyoachwa na kuondolewa kwa kikomo cha ushuru. Mwaka 1922 kamati ya serikali iliyoongozwa na Bowring ilipendekeza kulinda mazao kadhaa, ngano ikiwemo. Unga wa kigeni ukatozwa ushuru mkubwa, na reli ikasafirisha mazao ya ndani kwa nauli nafuu.

Mzigo wa ulinzi huo ulivuka mipaka ya Kenya. Forodha za Kenya na Uganda ziliunganishwa mwaka 1917, na Tanganyika ikaingizwa kikamilifu mwaka 1927. Mnunuzi wa Kampala au Dar es Salaam alilipa bei iliyopandishwa ili kumlinda mkulima wa Uasin Gishu, huku hazina ya Tanganyika ikikosa ushuru ambao ungetokana na unga wa kigeni. Mwaka 1932 Sydney Armitage-Smith, aliyetumwa kuchunguza fedha za Tanganyika, aliukosoa mpango huo.

Malalamiko hayo yalidumu hata baada ya uhuru. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1967 ulianzisha kodi maalumu iliyoziwezesha Tanzania na Uganda kulinda viwanda vyao dhidi ya bidhaa za Kenya.