Nani aliyehama kweli? Safari ndefu ya kutafuta intaneti ya msafiri

Mwaka 2000 ilionekana kwamba kanuni za kuiwezesha kompyuta kuhama bila kukatiwa mawasiliano zilikuwa zimekaribia kukamilika. Swali moja la usalama likawarudisha wahandisi nyuma kwa zaidi ya miaka mitatu. Makala yetu ya leo yanaangalia chanzo cha ucheleweshaji huo na matokeo yake.

Mpenzi msikilizaji, popote ulipo, uwe Muscat, Dubai, London au Minneapolis, huenda umewahi kukutwa na jambo hili. Unazungumza na jamaa yako kwa njia ya intaneti, simu ikiwa imeshika mtandao wa nyumbani. Unatoka nje, unafika barabarani, na simu inahamia mtandao wa kampuni ya simu. Sauti inakwama, kisha inakatika. Adha hiyo ndogo ina historia ndefu, na ndani yake limo swali zito: mtu akisema, "Nimehama, mizigo yangu ipelekeni huku," atajulikanaje kuwa ni yeye kweli?

Asili ya tatizo ni anwani ya intaneti yenyewe. Anwani hiyo hufanya kazi mbili kwa pamoja: huitambulisha kompyuta, na huonyesha mahali ilipo. Zama za kompyuta kubwa zilizokaa chumba kimoja miaka nenda miaka rudi, hilo halikumsumbua mtu. Zilipokuja kompyuta za kubeba mkononi, mambo yakabadilika. Ukihama mtandao unapata anwani mpya, na mazungumzo yaliyokuwa yakiendelea kwa anwani ya zamani yanakufa.

Mwaka 1991, John Ioannidis na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York, walichapisha mojawapo ya mapendekezo ya mwanzo ya kuondoa kikwazo hicho. Kazi ya kuandaa kanuni rasmi ilikuwa chini ya IETF, kikosi kazi cha wahandisi wa intaneti kilichoanza mwaka 1986. Humo wajumbe hawapigi kura kwa niaba ya serikali zao. Rasimu huwekwa wazi, hujadiliwa na kurekebishwa hadi wengi waafikiane. Oktoba 1996 kikatoka kiwango cha kwanza cha intaneti ya msafiri, kilichohaririwa na Charles Perkins.

Utaratibu wake ulifanana na ule wa sanduku la posta. Msafiri anabaki na anwani yake ya nyumbani, na huko nyumbani anamwacha wakala. Kila afikapo mahali papya, humpelekea wakala anwani ya ugenini, naye wakala humtumia kila kinachofika. Usalama haukuwa mgumu hapo, kwani msafiri na wakala wake walikuwa wamekwisha kupeana neno la siri kabla ya safari.

Kasoro ilikuwa katika mzunguko. Tuseme msafiri ana wakala Dar es Salaam, naye yuko London akiwasiliana na mtu aliye London hiyo hiyo. Kila pakiti ya data inayomwendea ingepaswa kwenda kwanza Dar es Salaam, kisha irudi Uingereza.

Toleo jipya la anwani za intaneti, IPv6, lilileta matumaini ya kuondoa mzunguko huo. Mwaka 1996 Perkins na David Johnson waliwasilisha mpango ambao ungemwezesha msafiri kumwarifu moja kwa moja yule anayewasiliana naye: mimi sasa niko hapa, niletee hapa. Tukiite kijumbe hicho taarifa ya kuhama. Kilikuwa kifupi na chepesi, na ndicho kilichozua hofu.

Wakala wa nyumbani anamfahamu msafiri wake. Lakini kompyuta nyingine yoyote duniani itamfahamuje? Wachunguzi wa usalama walionyesha hatari mbili kubwa. Ya kwanza ni wizi wa mawasiliano: mhalifu anatuma taarifa ya uongo kwamba fulani amehama, na data ya fulani inaanza kumiminika kwa mhalifu. Kwa kuwa kompyuta yoyote ya IPv6 ingeweza kupokea taarifa hizo, hata yule asiyesafiri kamwe angeweza kudhuriwa.

Hatari ya pili ilikuwa ya hila zaidi. Mhalifu anaagiza data nyingi kutoka kompyuta yenye nguvu, kwa jina lake halisi, kisha anatangaza kwamba amehamia anwani ya mtu asiyehusika. Gharika yote inamwangukia yule maskini. Hapa mhalifu hakudanganya kuhusu jina lake, bali kuhusu mahali alipo. Kumtaka athibitishe jina pekee kusingesaidia kitu.

Rasimu za awali zilitegemea kwamba taarifa za kuhama zingelindwa kwa IPsec, mfumo wa usimbaji uliokuwepo tayari. Kwenye karatasi hilo lilitosha. Lakini ili kompyuta mbili zisizojuana zitumie ulinzi huo, lazima pawepo chombo cha dunia nzima cha kugawa na kuthibitisha funguo za siri, na chombo hicho hakikuwepo. Kufikia mwaka 2001, jopo la uongozi la IETF lilikuwa limeirudisha rasimu kwa waandishi wake: tatizo la usalama litatuliwe kwanza.

Uamuzi huo ulikuja wakati mbaya kwa wenye haraka. Mwaka 2000 kampuni za simu zilikuwa zimelipa takriban pauni bilioni 22.5 kwa leseni za simu za kizazi cha tatu nchini Uingereza, na takriban euro bilioni 50 nchini Ujerumani. Oktoba 2001 kampuni ya NTT DoCoMo ilizindua huduma ya kizazi hicho nchini Japani. Soko lilikuwa likingoja, na wahandisi wakarudi kwenye meza ya majadiliano.

Mapendekezo yalikuwa mengi. Greg O'Shea na Michael Roe, watafiti wa Microsoft mjini Cambridge, walipendekeza mwaka 2001 anwani inayobeba alama ya ufunguo wa mwenyewe, ili mwenye anwani aweze kuthibitisha kuwa ni yake bila kumtegemea mtu wa tatu. Hata hivyo, njia iliyochaguliwa ilikuwa nyepesi zaidi, na msikilizaji aliyelelewa kwa adabu za pwani atauelewa msingi wake upesi: ni kupiga hodi kwenye milango miwili.

Msafiri hutuma maombi mawili, moja kupitia wakala wake wa nyumbani na jingine moja kwa moja kutoka ugenini. Mwenzake hujibu kwa kupeleka kipande cha siri katika kila anwani iliyodaiwa. Anayeweza kuvipokea vipande vyote viwili na kuviunganisha ndiye anayeaminiwa, tena kwa muda usiozidi dakika saba, kisha hodi ipigwe upya. Aliyetaja nyumba isiyo yake hapati kipande cha nyumbani, na aliyetaja makazi ya mwingine hapati cha ugenini.

Ulinzi huo haukuwa kamili. Anayesikiliza katika njia iliyo kati ya wakala na yule mwenza bado angeweza kunasa siri. Wabunifu walilijua hilo. Lengo lao, kama walivyolieleza katika waraka wa Desemba 2005, lilikuwa kuhakikisha kwamba uwezo wa kuhama hauifanyi intaneti kuwa na hatari zaidi ya zile zilizokuwepo tayari.

Juni 2004 kiwango kilichapishwa kwa majina ya Johnson, Perkins na Jari Arkko wa Ufini. Kilikuwa na kurasa 165, na miaka minane ilikuwa imepita tangu mpango wa mwaka 1996.

Je, kungoja kulikuwa na faida? Kampuni za simu zilikuwa na njia zao za kuifuata simu kutoka mnara hadi mnara, mteja akibaki na anwani moja ndani ya mtandao wao. Agosti 2008 kikatoka kiwango kingine kilichoukabidhi mtandao kazi hiyo, simu yenyewe isijue kitu. Kiwango cha mwaka 2004 kilirekebishwa Julai 2011, lakini hakikupata kuwa chombo cha kila siku mikononi mwa watu wa kawaida. Si haki kuulaumu ucheleweshaji peke yake, kwani IPv6 yenyewe ilienea polepole, na programu nyingi zilijifunza kujiunganisha upya zikikatika.

Hata hivyo, funzo lililopatikana halikupotea. Mei 2021 IETF ilichapisha QUIC, itifaki inayoyatambua mazungumzo kwa namba yake yenyewe badala ya anwani, ili yaweze kuendelea hata simu ikibadili mtandao. Simu ikihama, upande wa pili hupeleka swali kwenye anwani mpya na kungoja lirudishwe. Kabla anwani hiyo haijathibitishwa, hauruhusiwi kupeleka data inayozidi mara tatu ya ile iliyopokewa kutoka huko. Hii ni hodi ile ile, na gharika inayozuiwa ni ile iliyowatia hofu wachunguzi miaka ishirini nyuma.

Waliosema mwaka 2001 kwamba kazi haijakamilika waliwaudhi wengi, na huenda waliigharimu kanuni hiyo soko lake. Lakini kama ingepita ilivyokuwa, kila kompyuta iliyoifuata ingepokea neno la mgeni yeyote kuhusu mahali alipo jirani yake, na kurekebisha kosa lililokwisha kuenea katika mamilioni ya vyombo ni kazi ngumu kuliko kuchelewa. Soko waliweza kulipoteza mara moja tu, ilhali kosa hilo lingelipiwa kila siku, hata na wale wasiowahi kusafiri.