Ebola: hesabu tunazosikia kwenye redio zinatoka wapi?

Toka tarehe 1 mwezi wa nane 2018 mpaka tarehe 25 mwezi wa sita 2020, wakaaji wa Kivu ya Kaskazini na Ituri, na kwa sehemu ndogo Kivu ya Kusini, walisikia hesabu za Ebola karibu kila siku. Wagonjwa wapya wangapi, wafu wangapi, waliochanjwa wangapi. Mwishoni hesabu ilifungwa hivi: wagonjwa 3 470, kati yao 3 317 walihakikishwa na labo na 153 walihesabiwa kuwa wa kudhaniwa, watu 2 287 walikufa.

Wakati ule wengi waliuliza: « Hii Ebola ni ya kweli ao ni ya franga? » Swali halikuwa baya. Mtu anayeletewa hesabu bila kuelezwa namna ilivyopatikana ana haki ya kuuliza. Hesabu hizo zilitoka katika elimu tatu: biolojia ya molekuli, takwimu, na modeli. Vitabu vyake vikubwa viko kwa Kifaransa na Kiingereza, na ni vigumu kuvipata huku kwetu. Hapa tunaeleza kila moja kwa mifano ya kwetu: inajibu swali gani, na inaishia wapi.

1. Labo: kusoma maandishi ya virusi

Kila kitu chenye uhai kina maandishi ndani yake yanayoeleza namna ya kukitengeneza. Sisi binadamu maandishi yetu ni ADN, yenye herufi karibu miliari tatu. Virusi vya Ebola vina kamba moja tu ya ARN, yenye herufi karibu 19 000 na jeni 7. Ni maandishi mafupi sana, lakini yanatosha kuua mtu.

Labo haitafuti homa wala kutapika, juu malaria na tifoidi nazo zinaleta homa na kutapika. Inatafuta maandishi yenyewe. Njia inayotumika inaitwa PCR. Mwanzilishi wake, Kary Mullis, aliipata mwaka wa 1983 na akapewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1993. PCR inachukua kipande kimoja cha maandishi na kukirudufu: kimoja kinakuwa viwili, viwili vinakuwa vinne, vinne vinakuwa nane. Baada ya mizunguko 30, kipande kimoja kinaweza kupita miliari moja. Kwa Ebola, kwanza ARN inageuzwa kuwa ADN, ndipo kurudufu kunaanza.

Mashini ya GeneXpert, ambayo wanganga wengi wa huku waliijua kwa kupima kifua kikuu, iliwekewa katriji ya Ebola. Inatafuta vipande viwili vya maandishi ya virusi na kutoa jibu chini ya saa mbili. Inaonyesha pia mizunguko mingapi ilihitajika ili virusi vionekane. Mizunguko ikiwa michache, maana yake virusi vilikuwa vingi katika damu. Ikiwa mingi, virusi vilikuwa vichache.

Sasa, juu ya nini mgonjwa aliambiwa « hakuna Ebola », lakini akabakizwa ili apimwe tena? Siku za kwanza za ugonjwa virusi bado ni vichache katika damu, na mashini inaweza kuvikosa. Ndiyo sababu damu iliyotolewa kabla ya saa 72 toka dalili zianze, ikikosa virusi, lazima ipimwe mara ya pili. Familia nyingi zilifikiri wanganga wanatafuta kwa nguvu jibu wanalolitaka. Kumbe walikuwa wanalinda nyumba ile ile ambayo mgonjwa angerudia.

Labo inaweza pia kusoma herufi zote 19 000. Virusi vinapozaana vinafanya makosa madogo ya kunakili. Mwanafunzi akinakili daftari la mwenzake pamoja na makosa yake, mwalimu atajua nani alinakili kwa nani. Ni hivyo hivyo kwa virusi.

Kwa njia hiyo mambo matatu yalijulikana. La kwanza: Ebola ya Équateur ilitangazwa kuwa imekwisha tarehe 24 mwezi wa saba 2018, na siku nane tu baadaye ikatangazwa ya kwetu. Watu walifikiri ugonjwa umeletwa toka kule. INRB, taasisi ya inchi ya uchunguzi wa biolojia, ilisoma virusi na kukuta kwamba havikutoka Équateur. La pili: mtu mmoja aliyeugua mwaka wa 2019 akapona, aliugua tena miezi sita baadaye. Virusi vya mara ya pili vilifanana sana na vya mara ya kwanza, kwa hiyo hakuambukizwa upya. Ugonjwa wake wa kwanza ulimrudilia. La tatu: Ebola iliyotokea upande wa Biena na Butembo mwezi wa pili 2021 ilikuwa na undugu na ile ya 2018-2020, kama moto uliobaki chini ya majivu.

Kurudiliwa namna hiyo ni jambo la nadra. Haitoi ruhusa ya kumfukuza aliyepona. Inaonyesha kwamba anahitaji kufuatwa na wanganga kwa muda mrefu, na mtu anayefukuzwa katika kartie hafuatwi na mtu yeyote.

2. Takwimu: dawa gani inaponyesha kweli?

Labo inasema nani anaugua. Haisemi dawa gani inafaa. Swali hilo liliulizwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina kuanzia tarehe 20 mwezi wa kumi na moja 2018, katika uchunguzi ulioitwa PALM. Dawa nne zililinganishwa kwa wagonjwa 681: ZMapp, remdesivir, MAb114 na REGN-EB3.

Kila mgonjwa aliyekubali alipewa moja ya dawa hizo kwa kura. Jambo hilo lilishitua wengi: « Namna gani maisha ya mtu yapigiwe kura? » Lakini fikiri. Kama munganga angechagua mwenyewe, pengine angewapa dawa moja wale walio hoi, na nyingine wale wanaotembea bado. Mwishoni dawa ya pili ingeonekana nzuri, kumbe ni wagonjwa wake waliokuwa na nguvu. Kura inachanganya wazee na vijana, walio hoi na wenye nguvu, katika vikundi vyote. Hapo tofauti ikitokea, ni ya dawa.

Mwezi wa nane 2019 uchunguzi ulisimamishwa mbele ya wakati, kwa sababu tofauti ilikuwa wazi. Katika siku 28, kwa kila wagonjwa 100, walikufa karibu 53 waliopewa remdesivir, 50 waliopewa ZMapp, 35 waliopewa MAb114, na 34 waliopewa REGN-EB3. Toka hapo dawa mbili za mwisho tu ndizo zilizoendelea kutolewa. MAb114 ina asili ya hapa kwetu Congo: ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka wa 1995.

Takwimu inauliza hapo: je, tofauti hiyo haikuwa bahati tu? Kama kila kikundi kingekuwa na watu 10, wakafa 5 huku na 3 kule, hatungejua kitu. Kesho ingeweza kugeuka. Lakini kila kikundi kilikuwa na watu zaidi ya 150. Bahati peke yake ni vigumu kuleta tofauti kubwa namna hiyo kwa watu wengi hivyo.

Hesabu nyingine ya PALM ilikuwa na uzito zaidi kwetu sisi wakaaji. Kati ya waliofika siku moja baada ya dalili kuanza, walikufa 19 kwa 100. Kati ya waliofika baada ya siku tano ao zaidi, walikufa 47 kwa 100. Siku zile za kujificha nyumbani ao kuzunguka toka kituo kimoja cha afya mpaka kingine zilikuwa na bei yake.

Na kuna swali moja lililosumbua wengi: wanasema dawa inaponyesha watu wawili kwa watatu, mbona katika Ebola nzima walikufa wawili kwa watatu? Hesabu zote mbili ni za kweli, ila hazihesabu watu wale wale. PALM ilihesabu waliofika kwenye kituo cha matunzo na kupewa dawa. Hesabu ya jumla inaweka ndani pia waliokufa nyumbani, waliokufa njiani, na waliougua kabla dawa hizo hazijajulikana.

3. Modeli: ugonjwa unaelekea wapi?

Modeli ni kama ramani. Ramani ya Goma haina kila jiwe la lava, lakini inakufikisha. Mwaka wa 1927, Kermack na McKendrick waliandika hesabu inayogawa watu katika vikundi: wanaoweza kuambukizwa, wanaougua, na waliotoka katika ugonjwa kwa kupona ao kufa. Kisha inafuata namna watu wanavyotoka kikundi kimoja kwenda kingine.

Katika hesabu hiyo kuna namba moja kubwa, inayoitwa R: mgonjwa mmoja anaambukiza wangapi? Kama ni wawili, tunapata 2, 4, 8, 16, 32. Ikishuka chini ya 1, ugonjwa unazimika. Katika Afrika ya Magharibi mwaka wa 2014, R ya mwanzo ilikadiriwa kuwa kati ya 1,7 na 2. Kuchanja, kufuata waliomgusa mgonjwa na mazishi ya usalama ni njia za kuishusha R. Ndiyo sababu huku kwetu hawakuchanja muji mzima siku moja: walizungushia chanjo waliomgusa mgonjwa, na waliowagusa hao. Zaidi ya watu 300 000 walichanjwa hivyo.

Hata zile siku 42 za kungojea mwisho wa Ebola zina maana. Virusi vinaweza kujificha mwilini mpaka siku 21 kabla ya dalili. Wanangojea mara mbili ya muda huo.

Lakini modeli inaweza kukosewa, na zaidi inaweza kusomwa vibaya. Mwezi wa tisa 2014, kituo cha Marekani cha kupigana na magonjwa, CDC, kilisema Liberia na Sierra Leone zingeweza kufikia wagonjwa milioni 1,4 mwezi wa kwanza 2015, kama hakuna kitakachobadilika. Mwishoni wagonjwa wote wa inchi tatu hawakufika 29 000. Walidanganya? Ukimwambia dereva kwenye mteremko wa Kabasha kwamba asipokanyaga freni ataanguka, naye akakanyaga, hukusema uongo. Neno kubwa ni « kama ».

Tena modeli inakula habari inayopewa. Timu ya riposte ikizuiwa kufika, ao waliomgusa mgonjwa wakikimbia vita, modeli inakuwa kipofu.

Ukisikia hesabu, uliza

Hesabu ya ugonjwa ikitangazwa tena, kwetu ao kwingine, uliza mambo manne. Ni kati ya watu wangapi, na watu gani? Labo imehakikisha, ao inadhaniwa? Imelinganishwa na nini? Na kama ni ya siku zinazokuja, « kama » yake ni ipi? Anayetoa hesabu, hata sisi wa redio, anapaswa kuwa na jibu. Asipokuwa nalo, endelea kuuliza. Lakini kama mtu wa nyumba yako ana homa na anatapika, usingoje hesabu ya mtu yeyote: mupeleke kwa wanganga siku ile ile.