UZI: Dola ilishuka, mbona simu haikushuka? Historia kidogo kutoka Karungu

Kila mjadala wa siasa ukifika kwa bei ya bidhaa, upande mmoja husema "shilingi imeimarika", mwingine hujibu "mbona madukani hatuoni?" Wote wana ukweli wao. Mimi nasoma sayansi ya siasa na nimelelewa Karungu, ziwani kabisa, kwa hivyo acheni niwaeleze nilivyoelewa. Sitaji mtu wala chama. Mkinitafutia chama hapo chini, shauri yenu.

Tuanzie 1993. Kabla ya hapo, kuingiza bidhaa Kenya kulihitaji leseni na kibali cha kupata pesa za kigeni, kwa hivyo redio ilikuwa mali. Marehemu babu aliifunika yake kwa kitambaa, na betri zikichoka alizianika juani. Basi, wafadhili walikuwa wamesitisha misaada Novemba 1991, pesa nyingi zikaingizwa sokoni wakati wa uchaguzi wa 1992, na sakata la Goldenberg likachota hazina. Mwisho wa 1992 dola ilikuwa kama shilingi 36. Mwaka mmoja baadaye, kama 68. Redio ya dola 20, bila kodi wala nauli, ilitoka 720 ikafika 1,360 bila kubadilishwa hata skrubu.

Hapa ndipo watu huteleza. Utasikia eti uchumi ukidorora bei hushuka, kwa sababu wateja hawana pesa. Hiyo ni kweli kwa nyanya, maana zitaoza. Lakini 1992 uchumi wetu ulisinyaa, na 1993 mfumuko wa bei ulipita asilimia 40. Mwenye duka la redio hawezi kuuza chini ya pesa atakazohitaji kuagiza mzigo mwingine. Ataagiza kidogo, ama alete hafifu.

2011 tena: Oktoba dola iligusa 107. Benki Kuu ikapandisha riba yake hadi asilimia 18 Desemba, na shilingi ikarudi karibu 85. Dawa ilifanya kazi, ila anayeagiza mzigo kwa mkopo akabeba riba hiyo. Mnadhani aliibeba peke yake?

Sasa ile mnayoikumbuka. Januari 2024 dola ilipita 160, watu wakiogopa deni la Eurobond la dola bilioni 2 lililofaa kulipwa Juni. Februari serikali ikakopa bilioni 1.5 mpya kununua sehemu ya lile la zamani, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu 132. Simu ya dola 80 ilipaswa kutoka 12,800 hadi 10,560. Nikaenda duka moja Sori, bei ni ileile. Muuzaji akaniambia, "Kijana wangu, huu ni mzigo wa zamani." Sikumbishia. Aliununua dola ikiwa juu, na kodi alilipa kwa thamani ileile ya juu: ushuru wa asilimia 10 kwa simu zinazotoka nje, ulioanza 2022, na VAT asilimia 16. (VAT hiyo iliwahi kuondolewa kwa simu 2009, ikarudi 2013. Wanaopigia kelele dola pekee husahau hilo.) Lakini mzigo wa zamani huisha. Miezi sita baadaye bado alikuwa na sababu hiyohiyo, na hapo nikaelewa kitu kingine: wateja wengi huuliza "kwa siku ni ngapi?", si "jumla ni ngapi?" Lipa mdogo mdogo huficha bei.

Karungu hili si jambo la simu tu. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta, siku hizi ni taa za LED, betri na sola, nyingi zikitoka nje. Omena wenyewe huuzwa kwa shilingi. Mbuta huenda Ulaya, kwa hivyo shilingi ikianguka kiwanda kinachouza nje hupata shilingi zaidi, lakini mvuvi hupewa bei aliyotaja ajenti pale ufuoni. Ndiyo maana "shilingi dhaifu husaidia wauzaji wa nje" ni sentensi ambayo mimi huuliza kwanza: muuzaji yupi?

Binamu yangu alinunua betri ya taa kwa mkopo Januari 2024. Dola ilipofika 132, yeye bado alikuwa anailipa kwa bei ya 160.